Kisanduku cha Mvuvi: Sayansi ya Kuchagua Chambo Bandia cha Samaki Besi

Mvuvi wa mshipi aingiapo dukani kununua chambo bandia hukabiliwa na mtihani mgumu. Ukutani vimetundikwa vyambo vya kila umbo na kila rangi: samaki wa mbao wenye macho mekundu, minyoo ya plastiki, vyura wa mpira, vijiko vya shaba ving'aavyo. Kila kimoja kimeandikiwa sifa zake, na kila kimoja kina bei yake. Tuseme mvuvi huyo ni kijana mwenye fedha za kununua vyambo sita tu. Achague vipi? Akiyafuata macho yake atachukua vile vinavyompendeza yeye. Lakini atakayevishambulia si yeye, ni samaki. Hana budi, basi, kuanza kwa kumjua samaki mwenyewe na maji anamoishi.

Katika makala haya tutaonyesha kwamba mambo ambayo mwanafunzi wa sekondari hufundishwa darasani, yaani densiti, nuru, sauti na tabia za wanyama, yanatosha kabisa kuujibu mtihani huo. Mfano wetu ni samaki aitwaye besi. Huyu ni mgeni katika Afrika Mashariki, lakini mgeni wa siku nyingi: aliletwa katika Ziwa Naivasha, nchini Kenya, mwaka 1929 kutoka Marekani, kwa ajili ya wapenda mchezo wa kuvua.

BESI NI SAMAKI GANI?

Besi mdomo-mpana ni samaki wa maji matamu wa jenasi ya Micropterus. Asili yake ni mashariki ya Amerika ya Kaskazini, toka eneo la Maziwa Makuu ya huko hadi Florida. Kwa muda mrefu vitabu vilimwita Micropterus salmoides. Katika miaka ya karibuni wataalamu, baada ya kuchunguza chembe zake za urithi, wamemtenga besi wa Florida na yule wa kaskazini kuwa spishi mbili. Mgongo wake ni wa kijani, ubavuni ana mstari mweusi, na taya lake la juu hupita nyuma ya jicho. Katika rekodi za dunia wako wawili wanaolingana kwa uzito, kila mmoja akizidi kidogo kilo 10: mmoja alivuliwa Georgia, Marekani, mwaka 1932, na mwingine katika Ziwa Biwa, Japani, mwaka 2009.

Besi hapendi kulikimbiza windo mbali. Yeye huvizia. Hujificha kando ya magugu, chini ya gogo lililozama au kwenye kivuli cha mafunjo, akingoja. Windo likikaribia hufumbua kinywa ghafla. Kanieneo ndani ya kinywa hupungua, na maji huingia kwa kasi yakilibeba windo. Tendo lote huchukua sehemu ndogo tu ya sekunde. Kama alichokipokea si chakula, hukitema upesi vilevile. Hapa tunapata funzo la kwanza: chambo kizuri ni kile kinachoweza kupitishwa karibu na maficho, si kile kinachotupwa mbali kwenye maji matupu.

Jambo la pili ni joto. Besi, kama samaki wengi, ni mnyama wa damu baridi. Joto la mwili wake hufuata joto la maji. Maji yakishuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, uyeyushaji wa chakula mwilini huenda polepole sana, naye hula kwa nadra. Kwa hiyo mvuvi wa Marekani hubadili vyambo kwa majira: wakati wa baridi hutumia vile vya kwenda polepole, na wakati wa joto vile vya kwenda kasi. Naivasha iko karibu na mstari wa Ikweta, katika mwinuko wa karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, na maji yake hayafikii baridi kali ya namna hiyo katika mwezi wowote. Mvuvi wa huko hana haja ya kununua chambo cha majira ya barafu, hata kikisifiwa namna gani.

Jambo la tatu ni chakula. Besi wachanga hula wadudu wa majini. Wakubwa hula samaki wadogo, vyura na kamba. Mwaka 1970 kamba mwekundu wa maji matamu, Procambarus clarkii, ambaye naye asili yake ni Amerika, aliingizwa katika Ziwa Naivasha. Wataalamu walipopasua matumbo ya besi katika miaka iliyofuata, walimkuta kamba huyo kuwa sehemu kubwa ya chakula cha besi wakubwa. Mvuvi aliyejua habari hiyo alikuwa na sababu ya haki ya kuweka kisandukuni chambo chenye rangi ya udongo mwekundu kinachotambaa chini.

VYAMBO VILIVYOANZA

Chambo bandia si jambo jipya, lakini vyambo vingi vya besi vina umri usiozidi karne mbili. Mmarekani Julio Buel alipata hataza ya chambo cha chuma mwaka 1852. Husimuliwa kwamba wazo lilimjia alipodondosha kijiko ziwani na kumwona samaki akikirukia kikizama. James Heddon, wa mji wa Dowagiac katika jimbo la Michigan, alichonga vyura wa mbao mwishoni mwa karne ya 19, akawa miongoni mwa waanzilishi wa kiwanda cha vyambo vya mbao. Lauri Rapala, mvuvi wa Ufini, alitengeneza samaki wake wa kwanza mwaka 1936 kwa gome jepesi la mti. Alikuwa ametazama kwa makini jinsi samaki wakubwa wanavyomfuata yule mdogo anayeyumba, wakiwaacha wenzake wanaoogelea sawasawa. Na mwaka 1949 Nick Creme, wa mji wa Akron, Ohio, alimimina mnyoo wa kwanza wa plastiki laini uliopata sifa.

Msomaji ataona kwamba wote hawa walianza kwa kuchungulia maji kabla ya kushika kisu. Uchunguzi ulitangulia ufundi.

KUELEA NA KUZAMA

Sifa ya kwanza ya chambo si rangi, ni kina kinachofikia. Hapa mwalimu wetu ni Archimedes: kitu kilicho majini husukumwa juu kwa kani iliyo sawa na uzito wa maji kiliyoyahamisha. Densiti ya maji matamu ni gramu 1 kwa kila sentimita ya ujazo. Gome la koki lina densiti ya karibu 0.24, chuma 7.8, na risasi 11.3. Chambo chenye densiti pungufu ya 1 huelea. Chenye zaidi ya 1 huzama. Na chenye 1 kamili hutulia palepale kilipoachwa.

Tuchukue mfano. Kipande cha mbao kina ujazo wa sentimita 20 na densiti ya 0.5, tungamo lake, basi, ni gramu 10. Tunataka kisielee wala kisizame. Tukikifunga chuma chenye tungamo la gramu x, jumla ya tungamo itakuwa 10 + x, na jumla ya ujazo itakuwa 20 + x/7.8. Kwa kuwa densiti inayotakiwa ni 1, viwili hivyo lazima vilingane:

10 + x = 20 + x/7.8

Tukikokotoa tunapata x kuwa takribani gramu 11.5. Misumari michache iliyopimwa kwa mizani ya maabara yatosha kuigeuza mbao ielee, itulie au izame.

Kuna njia nyingine ya kukipeleka chambo chini. Samaki wengi wa mbao au plastiki wana kibapa mbele ya kidevu, kiitwacho ulimi. Chambo kikivutwa, maji huusukuma ulimi huo ulioinama na kukielekeza chini. Ulimi mrefu uliolala karibu sawa na mwili hukipeleka chini sana. Ulimi mfupi uliosimama hukiacha karibu na uso wa maji na kukitikisa kwa mayumbo mapana. Mvuvi akiacha kuvuta, chambo chepesi hupanda tena chenyewe. Chambo cha namna hii hufaa juu ya magugu: kikigusa jani, mvuvi hulegeza mshipi, nacho hujitoa.

NURU NA RANGI

Nuru ya jua ni mchanganyiko wa rangi, na maji hayazimezi rangi zote kwa kiasi kimoja. Katika maji maangavu nyekundu ndiyo inayotangulia kumezwa. Ndiyo maana shati jekundu likizamishwa kina kirefu huonekana la kijivu au jeusi. Lakini katika maji yenye mwani na mchujo wa majani yaliyooza, buluu humezwa mapema, na kijani na manjano ndizo zinazopenya zaidi. Hivyo haiwezekani kusema kwamba rangi fulani ni nzuri, bila kwanza kuuliza ni maji gani.

Je, besi mwenyewe huona rangi? Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Illinois umetoa jibu. Katika jicho la besi zilipatikana aina mbili za seli za rangi, moja ikiitikia zaidi kijani na nyingine nyekundu. Binadamu ana aina tatu. Kisha besi walifundishwa, kwa kupewa chakula, kuifuata rangi moja. Waliofundishwa nyekundu au kijani walichagua vizuri sana. Bali waliofundishwa manjano-kijani mara nyingi waliichanganya na nyeupe, na waliofundishwa buluu waliichanganya na nyeusi.

Maana yake kwa mwenye fedha chache ni kubwa. Anayenunua chambo cheupe na kingine cha manjano-kijani, vyenye umbo moja, huenda analipa mara mbili kwa kitu ambacho besi hukiona kimoja. Hali kadhalika cheusi na cha buluu. Badala ya kukusanya rangi kumi, achague mbili: moja ya kung'aa na moja ya giza.

Isitoshe, alfajiri na magharibi, nuru inapopungua, seli za rangi hushindwa kazi; zinabaki zile zinazotambua mwanga na kivuli tu. Besi aliye chini akitazama juu hukiona chambo kama kivuli dhidi ya anga. Wakati huo chambo cheusi ndicho kinachoonekana wazi zaidi, ingawa mvuvi asiyejua angedhani kinyume chake.

MTIKISIKO NA SAUTI

Maji yakiwa ya tope, jicho halitoshi. Besi ana njia nyingine mbili. Kwanza ana masikio, ingawa hayana tundu la nje. Sauti huyafikia kupitia mwilini. Katika maji sauti husafiri karibu mita 1,480 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani. Pili ana mstari wa ubavuni, ambao ni safu ya vitundu vyenye seli zenye vinyweleo. Maji yakisogea, vinyweleo huinama na ubongo hupata habari. Mstari huu huhisi mitikisiko ya polepole, tena ya karibu: umbali wa urefu wa mwili wa samaki au maradufu yake. Kwa hiyo sikio humwambia besi kwamba kuna kitu. Mstari wa ubavuni humwonyesha kilipo hasa.

Hii ndiyo sababu ya kuwapo vyambo vyenye gololi ndani, na vile vyenye bapa la chuma linalozunguka. Katika bapa pia kuna la kuchagua. Bapa la duara hukutana na ukinzani mkubwa wa maji, huzunguka polepole na kupiga mapigo mazito. Hufaa maji ya tope. Bapa jembamba, refu kama jani, huzunguka upesi, hupiga mapigo mepesi, lakini humetameta sana. Hufaa maji maangavu. Umbo, basi, ndilo linalotenganisha kazi za mabapa mawili yenye uzito uleule.

KUJAZA KISANDUKU

Sasa turudi kwa kijana wetu na vyambo vyake sita. Kanuni ni hii: kila chambo kifanye kazi ambayo vingine haviwezi. Ziwa lina tabaka la juu, la kati na la chini. Maji huwa maangavu au ya tope. Samaki huwa mchangamfu au mzito. Tunapendekeza hivi:

1. Chambo kimoja cha juu ya maji, chenye uso uliobonyea kinachopiga maji kama chura. Ni cha asubuhi na jioni. Kiwe cheusi au cha giza.

2. Samaki bandia mmoja anayeelea, mwenye ulimi mfupi, kwa kupita juu ya magugu. Awe wa rangi ya kung'aa, kama samaki wadogo wa ziwa hilo.

3. Chambo kimoja chenye bapa la duara linalozunguka, kwa maji ya tope.

4. Minyoo ya plastiki, pakiti moja, ya rangi ya giza. Ncha ya ndoana ikifichwa ndani ya mnyoo, hupita kwenye mafunjo bila kunasa. Huenda polepole, na humfaa besi mzito.

5. Ndoana yenye kichwa kizito, iliyofungwa nyuzi za mpira au manyoya, ya rangi ya kamba mwekundu, kwa kutambaza chini.

6. Kijiko kimoja cha shaba, kwa kutupa mbali na kutafuta samaki walipo.

Hatukuweka samaki mwenye ulimi mrefu wa kuzama sana. Ziwa Naivasha halina kina kirefu, na magugu yake ni mengi; chambo hicho kingezoa majani zaidi ya samaki. Lakini anayevua kwenye bwawa lenye kina aondoe kijiko na kukiweka hicho. Kisanduku hakijazwi kwa kunakili orodha ya mwingine. Hujazwa kwa kuyapima maji yako.

HADHARI

Risasi ni sumu. Ndege wa majini huokota vipande vya risasi wakidhani ni changarawe za kusagia chakula, kisha hudhurika. Nchini Uingereza vifo vya mabata-maji vilisababisha vipande vingi vya risasi vya wavuvi kupigwa marufuku mwaka 1987. Naivasha, ambayo tangu mwaka 1995 imo katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, ina ndege wengi. Ndiyo maana katika hesabu yetu tulitumia chuma. Mishipi iliyokatika na minyoo iliyochakaa nayo irudi nyumbani, isitupwe majini.

Jambo zito kuliko hilo ni kuhamisha samaki. Kabla ya wageni kuletwa, Naivasha ilikuwa na samaki wake mdogo wa jenasi ya Aplocheilichthys. Alionekana kwa mara ya mwisho mwaka 1962, na wataalamu wanamtaja besi miongoni mwa sababu za kutoweka kwake. Besi yumo katika orodha ya viumbe 100 vamizi wenye madhara makubwa duniani, na Japani ilimwekea sheria kali mwaka 2005. Mwanafunzi asidhani, basi, kwamba atalifanyia hisani bwawa la kijijini kwa kulipelekea besi wawili ndani ya ndoo. Kile kilichopotea Naivasha hakirudi tena.

Mwisho, anayekwenda kuvua apate kwanza kibali cha idara inayohusika, asiende peke yake, na awaepuke viboko, hasa kuanzia jioni wanapotoka majini kwenda malishoni.

KAZI YA DARASA

Mwaka 1865 mwanasayansi wa Italia, Angelo Secchi, alitumia kisahani kupima uangavu wa maji. Tengenezeni chenu: kata bati la duara lenye kipenyo cha sentimita 20, ligaweni robo nne, mpake robo mbili zinazokabiliana rangi nyeupe na mbili nyeusi. Lifungeni kamba yenye alama kila sentimita 10, na jiwe chini yake. Likizamishwa kwenye bwawa, andikeni kina ambacho halionekani tena, kisha kina linapoonekana tena likivutwa juu. Wastani wa vina hivyo viwili ndicho kipimo chenu. Pimeni kabla ya mvua na baada ya mvua, mlinganishe.

Maswali:

1. Kipande cha koki kina ujazo wa sentimita 10 na densiti ya 0.24. Kinahitaji gramu ngapi za chuma ili kitulie majini?

2. Kisahani chenu kimepotea machoni kwenye kina cha sentimita 30 tu. Ni vyambo gani kati ya vile sita mngeanza navyo, na kwa nini?

3. Mwenzako ana vyambo kumi vya umbo moja na rangi kumi. Mweleze, kwa kutumia uchunguzi wa mwaka 2019, kwa nini kisanduku chake ni maskini kuliko kinavyoonekana.

4. Je, kuna samaki wa asili katika mto au ziwa lililo karibu na shule yenu? Andikeni anakula nini, anakaa wapi na huwinda wakati gani. Kisha mbuni chambo kinachomfaa.

Jibu la swali la kwanza ni takribani gramu 8.7. Majibu ya maswali mengine matatu yatategemea maji ya kwenu.